Kamba Hukatikia Pembamba

Fungua simu yako, tafuta picha ya Lamu. Ya kwanza au ya pili itakuwa ya jahazi: tanga limejaa upepo, jua linazama nyuma ya mikoko, na kijana ameketi omoni miguu ikining'inia. Chini ya picha mtu ameandika kwamba huku wakati umesimama. Sasa ikuze picha kwa vidole viwili mpaka uzione kamba. Ile inayoshuka kutoka kileleni mwa mlingoti ni ya buluu. Ni ya plastiki. Ni kamba ile ile ambayo mama yako amefunga baina ya nguzo mbili kule Umoja ili aanike nguo.

Wengi wakiiona hiyo buluu huvunjika moyo kidogo, kama mtu aliyeagiza dafu akaletewa soda. Kumbe hata jahazi lina plastiki!

Makala haya yanahusu kamba hiyo ya buluu, na zile zilizokaa mahali pake kabla yake. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba jahazi halijawahi kuwa na kamba za kale. Mbao za chombo zinaweza kuishi miaka mingi, baba akamwachia mwana. Kamba haziishi hivyo. Zinasuguliwa, zinapigwa na jua, zinalowa maji ya chumvi, na baada ya misimu michache zinatolewa na kutiwa nyingine. Kila kizazi cha mabaharia wa pwani hii kimeulizwa swali lile lile: kamba hii imechoka, nitaibadilisha kwa nini? Ukiyapanga majibu yao kwa mstari unapata historia ya pwani nzima: tulifanya biashara na nani, nani alitutawala, nani alitoka jasho, na nani alibaki bila kazi.

*

Tuanze na majina, kwa sababu ni mazuri na yanapotea haraka.

Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaolala mshazari mbele ya mlingoti. Foromali ni nzito. Kinachoipandisha ni henza, kamba nene kuliko zote chomboni. Lakini henza haivutwi kwa mikono mitupu. Mwisho wake umefungwa abedari, yaani kapi, na ndani ya abedari inapita kamba nyembamba zaidi iitwayo jarari. Mabaharia huishika jarari kwa pamoja, wakaivuta kwa mwendo mmoja, na foromali ikapanda taratibu. Tanga likishapanda, kona yake ya nyuma inashikwa na demani. Demani ndiyo inayoamua tanga lijae kiasi gani. Ukiilegeza tanga linapumua, ukiikaza linabana. Kamba hiyo ni muhimu kiasi kwamba upande wa chombo ulio chini ya upepo nao huitwa demani, na upande unakotoka upepo ni goshini. Hata ule msimu wa kusi inapolegea, kuelekea mwisho wa mwaka, watu wa pwani huuita demani. Jina moja kwa kamba, kwa upande na kwa miezi.

Kwenye merikebu za Kizungu, kamba ziligawanywa makundi mawili: zinazosimama tu kuushikilia mlingoti, na zinazokimbia, ndizo za kupandisha na kugeuza matanga. Kwenye jahazi mpaka huo ni hafifu. Chombo kinapogeuzwa upepo ukiwa nyuma, foromali huhamishwa kutoka ubavu mmoja wa mlingoti hadi ubavu wa pili, na kamba zinazoutegemeza mlingoti hufunguliwa zikafungwe upande wa upepo. Henza nayo, ikishakazwa nyuma ya mlingoti, husaidia kuuzuia usiinamie mbele. Kwa ufupi, karibu kila kamba ina kazi ya kufanya, na karibu kila moja inasuguliwa.

Kuna methali tunayoijua wote: kamba hukatikia pembamba. Ni kweli, lakini haisemi kamba ilianzaje kuwa nyembamba. Huanza pale inapopinda. Pale henza inapopita juu ya kapi kileleni mwa mlingoti, ndipo uzito wote wa foromali na tanga unapokaa, siku baada ya siku, kwenye kipande kile kile kisichozidi urefu wa kiganja. Ukiwa chini huwezi kukiona. Kamba yote uliyoizoea, ile unayoishika kila asubuhi, inaweza kuwa nzima kabisa huku juu pale imebaki nyuzi chache.

Na henza ikikatika, foromali inashuka. Inashuka mahali ambapo watu wameketi. Hapo ndipo stori hii inaacha kuwa ya picha nzuri. Kwa muda mrefu wa historia yetu vyombo hivi ndivyo vilivyokuwa basi na lori za pwani: vilibeba mahindi, nazi, chokaa, mbuzi, maharusi na wagonjwa. Jicho la mtu mmoja aliyejua kuikagua kamba lilikuwa dhamana ya watu wote waliokaa chini yake.

*

Kamba ya kwanza ilitoka kwenye mnazi.

Mwongozo mmoja wa biashara ya baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ambao wanahistoria huuita Periplus, unataja soko la mwisho kusini mwa pwani hii kwa jina la Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Haukusema vilivyopigiliwa misumari. Vilivyoshonwa. Miaka karibu 1,400 baadaye, mwaka 1498, mwandishi wa kumbukumbu za safari ya Vasco da Gama aliandika jambo hilo hilo alipoviona vyombo vya Msumbiji: havina misumari, mbao zimeunganishwa kwa kamba, na matanga ni ya mikeka ya majani. Huyo ni ndugu wa mtepe, chombo ambacho mafundi wa visiwa vya Lamu waliendelea kukitumia hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwili wake ulishikwa kwa kamba, na tanga lake lilipandishwa kwa kamba.

Kamba hiyo hutengenezwa kwa makumbi, yale maganda ya nazi ambayo mjini tunayatupa. Huwezi kuyachukua tu na kuanza kusokota. Kwanza hufukiwa kwenye matope ya pwani ambako maji hujaa na kupwa, yakalaliziwa mawe yasichukuliwe na mawimbi. Huachwa huko miezi kadhaa mpaka sehemu laini ioze. Kisha hufukuliwa yakiwa na harufu ambayo hutaisahau, hupondwa kwa gongo, huoshwa, na kinachobaki ni nyuzi za rangi ya kahawia zinazoitwa usumba. Usumba husokotwa kwa viganja ukawa uzi. Nyuzi zikapotwa pamoja zikawa kamba. Kamba zikapotwa tena zikawa henza. Katika fuo za mashariki ya Unguja kazi hii inafanywa hadi leo, na wanaoifanya ni wanawake.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuiona kazi hii visiwa vya Maldivi zaidi ya miaka kumi baadaye. Alieleza karibu hatua zile zile: makumbi kuloweshwa kwenye mashimo kando ya bahari, kupondwa, kisha wanawake kusokota. Akasema kamba hizo husafirishwa India, Uchina na Yemen, na kwamba ni bora kuliko za katani. Akatoa na sababu ya vyombo kushonwa: bahari hii ina miamba mingi, na chombo kilichopigiliwa misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hunepa. Kabla yake, katika karne ya 11, msomi Al-Biruni alikuwa ameeleza kwamba visiwa vile viligawanywa kwa bidhaa zake: visiwa vya kauri na visiwa vya kamba. Hebu fikiria. Kamba ilikuwa bidhaa kubwa kiasi cha kuvipa visiwa jina.

Si wote walivutiwa. Marco Polo aliviona vyombo vya namna hii Hormuz mwishoni mwa karne ya 13 na akaviponda, akisema ni vibovu na vingi hupotea baharini. Pengine alikuwa na haki ya kuogopa. Usumba una udhaifu wake: kwa unene ule ule, nguvu yake ni takriban robo tu ya kamba nzuri ya katani, kwa hivyo henza ya usumba ilibidi iwe nene sana. Tena inanyumbuka, ukishaikaza, baada ya muda inalegea, unaikaza tena. Lakini inaelea, haisumbuliwi sana na maji ya chumvi, na malighafi yake inaanguka kutoka kwenye mti ulio nyuma ya nyumba.

Tena usumba hauondoki bila kuaga. Ukianza kuisha, kamba inatoa manyoya, inapauka, inaacha vumbi mkononi. Baharia aliyeishika kila siku hakuhitaji kuambiwa. Na kamba ikitolewa, mbadala wake ulikuwa umefukiwa matopeni pwani, ukisubiri.

*

Sasa upepo ukabadilika.

Katika karne ya 19 meli kutoka Salem, Massachusetts, zilianza kuja Zanzibar kununua pembe za ndovu na sandarusi. Zilileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho tunakiita merikani mpaka leo. Watu walikivaa, na mabaharia wakakishona matanga. Mikeka ikaanza kuondoka kwenye milingoti.

Kamba nazo zikafuata njia hiyo. Meli za Ulaya zilitumia kamba za katani, nyuzi za mmea ambao, ndiyo, ni bangi ya ukoo mwingine. Pwani kamba hiyo ikapewa jina la ulayiti, yaani kitu cha Ulaya. Ilikuwa na nguvu kuliko usumba na nyembamba zaidi, lakini ilitaka kupakwa lami isioze. Kisha ikaja nyingine. Huko Ufilipino kuna mmea wa jamii ya mgomba uitwao abaka, na nyuzi zake hutoa kamba inayostahimili bahari bila lami. Ilisafirishwa kutoka bandari ya Manila, na ulimwengu mzima ukaiita kwa jina la bandari. Miongoni mwa waliotangulia kuipeleka Marekani, miaka ya 1820, walikuwa wafanyabiashara wa Salem hiyo hiyo.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Nenda duka lolote la vyombo, Gikomba au Kongowea, uulize kamba ya manila. Utapewa ile ya plastiki. Muuzaji hatakudanganya, kwa sababu hilo ndilo jina lake. Abaka iliondoka madukani, mahali pake pakachukuliwa na plastiki, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina. Kwa hivyo ile kamba ya buluu iliyokuudhi kwenye picha ya Lamu inabeba jina la bandari ya Asia na mmea ambao huenda hujawahi kuuona. Kamba hubadilishwa, jina likabaki likining'inia.

*

Kisha tukafika wakati ambapo Afrika Mashariki yenyewe ikawa shamba la kamba za dunia.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 mkonge ukaenea Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaingia Kenya. Ukipanda matatu kutoka Mombasa kwenda Malindi, bado utauona Vipingo, mistari ya majani yenye miba ikikimbia kuelekea baharini. Utauona Taita Taveta pia.

Kamba ya mkonge ina takriban asilimia 80 ya nguvu ya manila, na ni rahisi zaidi. Ikawa kamba ya kila kitu: ya kufunga magunia, ya kuvutia ng'ombe, ya meli. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, Japani iliivamia Ufilipino Desemba 1941, na manila ikakatika sokoni. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yakahitaji kamba, na macho yote yakageukia mkonge wa huku. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikawachukua watu kwa lazima kwenda kufanya kazi mashambani.

Kabla na baada ya hapo, waliokata mkonge walikuwa na jina lao: manamba. Lilitokana na namba. Mtu alitoka Kigoma au Songea, wengine Burundi na Rwanda, akafika shambani akapewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyojulikana kwa mnyapara. Siku ilihesabiwa kwa mafungu ya majani. Majani ya mkonge yana mwiba nchani, na maji yake yanawasha ngozi.

Linganisha na ufuoni. Mwanamke aliyesokota usumba aliijua kamba yake kuanzia kwenye nazi mpaka kwenye abedari. Pengine alimjua na nahodha aliyeinunua. Manamba aliyekata mkonge hakujua kamba yake itafunga nini, wala ya bandari gani. Na baharia wa Lamu aliyeinunua dukani hakujua jina la yeyote aliyeigusa. Simaanishi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Mashamba na nyumba za pwani ziliendeshwa kwa jasho la watumwa karne nzima ya 19, na kupigapiga makumbi yaliyooza juani hakuna anayekuota kama starehe. Ninachosema ni kwamba kamba ilipoanza kununuliwa dukani, jasho lililo ndani yake halikuonekana tena.

Katika miaka hiyo hiyo vyombo vikubwa vya Ghuba bado vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Mwishoni mwa 1938, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda Aden chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, wakashuka pwani nzima hadi Zanzibar na delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kitabu alichokitoa mwaka 1940, Sons of Sinbad, ni kumbukumbu ya dunia ambayo ilikuwa inakaribia kufungwa. Humo utaona kwamba baharia hakuwa msafiri tu. Chombo kilipotia nanga, yeye ndiye aliyekaa ufuoni kushona tanga na kukarabati kilichochakaa. Safari nusu, ukarabati nusu.

*

Mwaka uleule wa 1938, upande wa pili wa dunia, kampuni ya DuPont ilitangaza nailoni. Mwaka 1941 wanakemia wawili Uingereza wakagundua polyesta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 polipropilini ikaanza kutengenezwa kwa wingi. Hizo ndizo kamba tatu zinazotawala bahari leo.

Kwa mkonge lilikuwa pigo. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ikaanguka plastiki ilipoingia sokoni, yakaongezeka na matatizo ya mashamba yenyewe, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Miji iliyoishi kwa kamba ikabaki na maghala matupu.

Kwa baharia, hata hivyo, kamba mpya zilikuwa neema. Haziozi. Ni nyepesi. Huhitaji kuzianika kila jioni. Ila kila moja ina tabia yake, na hapa makosa hutokea. Nailoni inanyumbuka sana: ni nzuri kwa nanga, kwa sababu chombo kikirushwa na wimbi kamba inavuta pumzi badala ya kukatika, lakini ukiifanya henza, foromali itapanda na kushuka kama mtu anayesinzia. Polyesta hainyumbuki sana, na inavumilia jua, kwa hivyo ndiyo inayofaa kupandishia tanga. Polipropilini, ile ya buluu, ni ya bei rahisi na inaelea, na ndiyo inayopatikana kila duka. Adui yake ni jua.

Na jua la Lamu ni jua. Miale yake inaivunja polipropilini kuanzia nje. Kwanza rangi inapauka. Kisha uso wa kamba unakuwa mkavu, unatoa nywele ngumu zinazochoma kiganja, na ukiisugua inaacha unga. Ikifika hapo imekwisha, hata kama kwa mbali bado inapendeza kwenye picha.

Mambo yamegeuka hapa, kwa sababu kamba za mimea, hasa mkonge na manila, zilioza kutoka ndani kwenda nje. Ujuzi wa wazee ulikuwa wa kuishika kamba, kuizungusha kinyume na msokoto wake mpaka nyuzi zifunguke, na kutazama moyoni: kama ndani kuna vumbi na nyuzi zilizokatika, itupe, hata kama nje inang'aa. Plastiki inataka jicho la namna nyingine. Ukiikagua kwa jicho la mkonge, utaona moyo wake ni safi, utaridhika, na utakuwa umekosea. Na kamba za kisasa zaidi, zile unazoziona kwenye mashua za starehe zilizotia nanga Kilifi, zina koti la nje lililosukwa na moyo wa ndani unaobeba uzito. Koti linaweza kuwa zima na moyo umekufa, au koti likachanika na moyo ukawa na miaka yake. Lazima uikunje kwa vidole, futi kwa futi, uhisi mahali ilipolainika au kukakamaa.

Kwa hivyo kila mara kamba ilipobadilika, ujuzi nao ulilazimika kujifunzwa upya. Hilo ndilo tunalolisahau tukizungumza kuhusu urithi. Lamu Mji wa Kale uliandikishwa na UNESCO mwaka 2001, na tunajivunia nyumba za mawe na milango ya nakshi. Vitu hivyo vinaweza kuwekewa ulinzi. Jahazi ukiliwekea ulinzi likae tu, linakufa. Linataka mtu wa kulipandia mlingoti, msimu kwa msimu, kutazama kipande kile cha henza kinachopita juu ya kapi. Siku hizi vyombo vingi vina injini, na tanga linapandishwa kwa ajili ya mashindano au wageni wanaotaka kuona machweo. Kamba ikikaa bila kutumiwa inaonekana nzima. Hakuna anayeharakisha kuitoa. Lakini jua halina likizo.

Kuna na deni jingine. Henza ya usumba ikichakaa ilikatwa vipande, ikafungia punda, ikatekea maji kisimani, na mwishowe ikaoza ikawa udongo. Kamba ya buluu ikitupwa baharini inabaki huko, ikivunjika vipande vidogo zaidi na zaidi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, chombo kilichojengwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa na kufunikwa kwa vipande vya malapa mabovu, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Wengi walikiona kama kichekesho cha rangi. Mimi nilichokiona ni kwamba fundi aliyezoea mbao amepewa kitu ambacho babu yake hakukijua, akatumia jicho lile lile la kujenga chombo, na kikaelea. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa aliyeshika ulayiti mara ya kwanza akiwa amezoea usumba.

*

Mwisho, hebu nikueleze jinsi henza inavyobadilishwa, maana wengi hudhani mtu hupanda juu na kamba mpya begani.

Ukiichomoa kamba kuukuu kwanza, umejiongezea kazi: itabidi mtu apande mpaka kileleni kuipitisha mpya kwenye kapi. Kwa hivyo huichomoi. Unachukua ncha ya kamba mpya, unaikutanisha na ncha ya ile kuukuu, unazishona pamoja kwa uzi, nyembamba kiasi cha kupita, imara kiasi cha kutoachana. Kisha unavuta kamba kuukuu polepole. Inapanda, inapita juu ya kapi, inashuka upande wa pili, na nyuma yake inakuja mpya. Ule mshono ukikwama, unasimama, unarudisha kidogo, unajaribu tena. Mshono ukiachana katikati, umepoteza zote mbili.

Kazi ya mwisho ya kamba iliyochoka ni kuipitisha inayokuja. Ikishafika chini, kata ule uzi, uikunje kamba kuukuu, na kabla hujaiweka kando, itafute ile sehemu iliyokuwa juu ya kapi. Ishike. Ifungue uone ilikuwa imebaki kiasi gani, ujue mara nyingine usingoje hivyo.

Ukienda Lamu, piga picha, hakuna ubaya. Lakini kabla hujapanda chomboni, tazama juu kidogo, uifuate ile ya buluu mpaka inapopinda. Kisha muulize nahodha aliibadilisha lini. Nahodha mzuri atakujibu bila kufikiri.